UZI: Kabla hujameza dawa ya "mvurugiko wa homoni", uliza kwanza ile namba imepatikanaje

Pipeti_Dar (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Hili jambo nimekaa nalo moyoni muda mrefu, leo nimesema niliandike lote, ni refu mtanivumilia.

Mimi ni mtu wa maabara, nipo Dar, huu mwaka wa 11 nakaa na mashine za homoni. TSH (inayoiamuru tezi ya shingo), prolaktini (ya maziwa), estradioli, testosteroni, kotisoli, zote zinapita mikononi mwangu kila siku ya Mungu. Na kila wiki lazima nikutane na mtu kaja na karatasi ya majibu ina herufi H pembeni ya namba, kashaambiwa ana mvurugiko wa homoni, dawa kashanunua, wengine wameshameza miezi, halafu ukimuuliza ulitolewa damu saa ngapi, ulikuwa siku ya ngapi ya mzunguko, ulikuwa unatumia nini, anakuangalia tu maana hakuna aliyewahi kumuuliza.

Ninachotaka kusema ni hiki: mashine haioni homoni yako. Mashine inaona mwanga. Ndani kuna kingamwili zimetengenezwa kiwandani, kazi yake kuishika homoni fulani, na kwenye huo mnyororo kuna kitu kinachotoa mwanga, mashine inahesabu mwanga halafu inautafsiri kuwa namba kwa kulinganisha na sampuli ambazo kiwango chake kinajulikana. Kwahiyo ile 68 au 0.02 unayoiona kwenye karatasi ni tafsiri, na mtafsiri anaweza kudanganywa bila mashine kuwa mbovu na bila mtu wa maabara kuwa mzembe.

Sasa sikilizeni hapa maana ndo penye kiini. Homoni kubwa kama TSH, prolaktini na hCG (homoni ya mimba) zinashikwa na kingamwili mbili, moja chini moja juu, kama andazi umelipasua ukaweka yai katikati. Homoni ikiwa nyingi mwanga unakuwa mwingi. Ila homoni ndogo kama T4 (homoni ya tezi ya shingo), testosteroni, estradioli na kotisoli hazina nafasi ya kushikwa na wawili, kwahiyo kinachofanyika homoni yako inagombania siti na homoni ya kiwandani iliyobeba taa, yako ikiwa nyingi zenye taa zinakosa siti, mwanga unashuka. Yaani huku mwanga mdogo maana yake homoni NYINGI, kule mwanga mdogo maana yake homoni KIDOGO. Likamateni hilo la kugeukana.

Mwaka juzi alikuja dada mmoja wa miaka thelathini na kitu, ana karatasi ya mahali pengine TSH 0.02, T4 huru 48, na zile kingamwili za TRAb, zinazoichochea tezi, nazo ziko juu. Kwa yeyote aliyesoma hiyo ni Graves ya kitabuni, tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, na daktari alikuwa ameshaandika kabimazoli ila akasita, akamwambia rudia kwanza. Namshukuru sana yule daktari kwa kusita kwake. Nikamtazama yule dada, mikono imetulia kabisa, mapigo ya moyo 72, na analalamika kanenepa. Mtu wa Graves kwa T4 ya 48 hanenepi akakaa ametulia vile, utamkuta anatetemeka, jasho, moyo unakimbia. Nikamwomba aniambie kila anachomeza, akasema simezi dawa yoyote. Nikamwambia hata vitamini? Akafungua pochi akatoa kopo la vidonge vya nywele, ngozi na kucha, nimeligeuza nyuma nikasoma: biotini mikrogramu 10,000. Mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni kama mikrogramu 30.

Sasa mashine nyingi zinatumia biotini kama ndoano. Kingamwili imefungwa biotini kwa nyuma, na kuna vishanga vya sumaku vyenye siti za kuipokea hiyo biotini, ikishakaa, sumaku inavuta, vingine vyote vinaoshwa vinaondoka. Damu yako ikija imejaa biotini ya kopo ni kama daladala imejaa abiria Mbagala kabla haijafika kituo chako, kingamwili iliyoishika homoni inafika siti zote zimekaliwa, inaoshwa inaenda zake. Mwanga unashuka. TSH mwanga ukishuka inasoma chini. T4 mwanga ukishuka inasoma juu. TRAb nayo kwenye mashine hizo inapimwa kwa kugombania siti kwahiyo nayo inasoma juu. Ugonjwa kamili umejitengeneza kwenye karatasi na tezi ya mtu ni nzima kabisa.

Nilimwambia aache lile kopo siku tatu arudi. TSH 1.9, T4 huru 15.6, zote kawaida. Hakumeza kidonge hata kimoja cha kabimazoli.

Na hili halijaanza jana. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo Novemba 2017 kuhusu biotini na vipimo vya maabara, ikataja na kifo cha mgonjwa ambaye troponini yake, kile kipimo cha moyo, ilisomwa chini kimakosa. Viwanda kadhaa vimebadilisha rijenti (kemikali za kupimia) tangu hapo, mpya zinavumilia biotini nyingi zaidi, ila zile za zamani sijasikia mtu akisema zimeisha zote kwenye mafriji ya maabara zetu, na wateja wa vidonge vya nywele ndo wanazidi kuongezeka. Kwahiyo kama unatumia, sema, na acha angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, anayemeza dozi kubwa sana ya matibabu azungumze na daktari wake kwanza maana huyo anahitaji muda mrefu zaidi.

Karibuni wadau, mwenye swali aulize, nitajibu ninayoyajua.

---

Kipusa_Moro

Dah mkuu umenigusa pabaya. Mimi nipo Morogoro, nilipima prolaktini mwezi uliopita baada ya kuhangaika mwaka na nusu natafuta mtoto, ikatoka 68 na wameandika mwisho 25. Nikaambiwa inaweza kuwa uvimbe kichwani, sijalala siku tatu. Nikaenda maabara nyingine wakanipa 41. Yaani wiki moja, mtu yuleyule, 68 na 41! Maziwa hayanitoki, hedhi yangu siku 28 au 29 haijawahi kuruka, kichwa hakiniumi. Nimeandikiwa kabagolini ya kushusha prolaktini, ipo hapa mezani sijaigusa maana naogopa. Sasa nishike ya nani?

---

Bwana_Chuma

Mkuu mimi naona unawatisha watu bure. Hizi mashine ni kompyuta, mashine inakalibretiwa (inarekebishwa isome sawa), kila kitu kiko automatiki, unaweka tyubu unaondoka. Kosa likitokea ni binadamu aliyechanganya majina. Mtu akianza kutilia shaka kila karatasi atakufa na ugonjwa wake anasema mashine imekosea.

---

Pipeti_Dar

Nianze na dada wa Morogoro maana huyu ana jambo la moyoni.

Dada yangu pole sana kwa hizo siku tatu. Kwanza kabagolini usiianze wala usiitupe, rudi kwa daktari wako na maswali nitakayokupa. Kilichonishtua ni hicho ulichosema kwamba hedhi haijaruka na maziwa hayatoki. Prolaktini ikiwa juu kwelikweli kwa mwanamke wa umri wa kuzaa kawaida inavuruga hedhi, sio kila mtu ila wengi. Na 68 kwa 41 kwenye mashine tofauti inaongeza wasiwasi wangu.

Kuna kitu kinaitwa makroprolaktini. Ni prolaktini yako ya kawaida ila imeng'ang'aniwa na kingamwili ya mwili wako mwenyewe, inakuwa bonge kubwa, haitoki kwenye damu kwa urahisi na haina nguvu ya kufanya kazi mwilini. Haikuumizi. Tatizo mashine inaiona na kuihesabu, na kila mashine inaihesabu kwa kiwango chake, nyingine inaiona yote nyingine nusu. Sio kitu cha nadra, kwenye watu wanaokutwa na prolaktini juu wapo wengi tu wa aina hii.

Pia jinsi ulivyochomwa ina maana. Ulipanda bodaboda, ukafika unahema, ukachomwa sindano mara mbili mshipa haupatikani? Prolaktini inapanda kwa hofu na msongo tu. Kaa dakika 30 umetulia, asubuhi ila sio ile umeamka sasa hivi maana usingizini inapanda, damu itolewe taratibu. Na dawa za kuzuia kutapika kama metoklopramidi, baadhi ya dawa za akili na hata za tumbo zinaipandisha kwelikweli, hiyo sio uongo wa mashine ila sio uvimbe pia.

Ukirudia na bado ipo juu, mwambie daktari aombe makroprolaktini. Kipimo chenyewe hakihitaji mashine ya ajabu. Tunachukua seramu yako, tunachanganya nusu kwa nusu na maji ya PEG (kemikali inayoangusha protini kubwa) asilimia 25, tunatikisa, tunaacha dakika 10, tunazungusha kwenye sentrifyuji. Lile bonge linaganda chini jeupe kama maziwa ya mgando, tunapima maji ya juu, tunazidisha mara mbili kwa sababu tuliyachanganya. Kama iliyobaki juu ni chini ya asilimia 40 ya ile ya mwanzo, basi sehemu kubwa ilikuwa makroprolaktini. Halafu unaangalia kiasi kilichobaki chenyewe kipo kawaida au la, maana mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Sasa Bwana Chuma. Ndugu yangu sitishi mtu, na wala sisemi vipimo ni vibaya, nisingekaa miaka 11 kwenye kazi ya uongo. Ila hilo la kwamba mashine ni kompyuta kwahiyo haikosei, hapana, na lina watu limewaumiza. Marekani, jimbo la Washington, mwaka 1998, binti wa miaka ya ishirini na kitu alipimwa hCG ya damu ikatoka juu wakati hana mimba. Ikarudiwa, juu. Ikarudiwa, juu. Wakaamua ana kansa ya aina inayotokana na mimba, akapewa kemo, akatolewa kizazi, akatolewa na sehemu ya pafu. Hakuwa na kansa. Alikuwa na kingamwili kwenye damu zinazoshika zile kingamwili za kiwandani, nyingi hutengenezwa kwa kutumia panya, kwahiyo zilikuwa zinaunganisha mkate wa chini na wa juu bila yai katikati, mwanga unatoka, mashine inaandika hCG. Walirudia mara nyingi ila kwa mashine ileile! Mwaka 2001 mahakama ilimpa fidia ya zaidi ya dola milioni 15, na kizazi hakirudi.

Kilichokuwa kinaweza kumuokoa ni cha bei ndogo sana. Kupima mkojo. Kingamwili hizo ni kubwa hazipiti kwenye figo, kwahiyo damu ingesema mimba na mkojo ungesema hakuna, hapo ungejua kuna kitu. Au ungeizimua sampuli, yaani kuipunguza ukali, mara mbili mara nne uone kama namba inashuka kwa hesabu, homoni ya kweli inashuka nusu kwa nusu, ya uongo mara nyingi inashuka ovyo. Au ungepeleka mashine ya kampuni nyingine. Majina hayakuchanganywa pale, na mashine ilikuwa nzima.

---

Mkaka_wa_Kimara

Mkuu na mimi nisaidie. Nilipima testosteroni sehemu mbili. Moja imesoma 9.8 nyingine 310. Sasa hapo si wizi huu? Nimeambiwa nichomwe sindano za homoni kila mwezi, nina miaka 33. Huwa nachoka tu, kazi yangu ya shifti, nalala masaa manne tu kwa siku.

---

Pipeti_Dar

Mkuu hapo hakuna wizi, angalia pembeni ya namba. Ya kwanza itakuwa imeandikwa nmol/L, ya pili ng/dL. Zidisha 9.8 kwa 28.8 unapata 282. Kwahiyo ni 282 na 310, ukizingatia mashine mbili na siku mbili tofauti hizo ni namba zilezile. Hili la yunit linawachanganya watu kila siku, prolaktini nayo ipo ng/mL na mIU/L, ukizidisha ya kwanza kwa 21.2 unapata ya pili, kwahiyo ile 68 ya dada wa Morogoro sehemu nyingine ingeandikwa 1,400 na kitu, mtu angezimia.

Sasa swali langu, ulitolewa damu saa ngapi?

---

Mkaka_wa_Kimara

Ya kwanza saa kumi jioni nimetoka kula. Ya pili saa nane mchana.

---

Pipeti_Dar

Basi hizo zote mbili ziweke pembeni. Testosteroni ya mwanaume inakuwa juu asubuhi na inashuka kadri siku inavyoenda, hasa kwa kijana kama wewe, na chakula kinaishusha pia. Wataalamu wa homoni wanataka asubuhi, hujala kitu, na mara mbili siku tofauti kabla ya kusema huyu ana upungufu. Na wewe wa shifti saa yako ya mwili imegeuka, ulale kwanza usiku wa kutosha siku kadhaa ndo upime. Kuna kazi ilifanyika kuoanisha namba za wanaume wasio na unene wa miaka 19 mpaka 39, wakapata 264 mpaka 916 ng/dL, kwahiyo hata hizo zako za jioni bado zimo ndani. Sindano za testosteroni zinazima korodani zako zisitengeneze zenyewe, na mbegu zinashuka, kama bado unataka watoto hilo ni jambo la kulijua KABLA hujachomwa.

Kwa wanawake testosteroni ni habari nyingine kabisa na hapa nataka kina dada mnielewe. Mwanaume ana kama 10 mpaka 30 kwa nmol, mwanamke mara nyingi ana chini ya 2. Mashine imetengenezwa ikiwaza wanaume, huku chini inababaisha. Wafaransa mwaka 2003 walichukua mashine 10 za aina hii wakazilinganisha na njia ya masi spektrometri, ile inayopima molekuli kwa uzito wake bila kutegemea kingamwili. Kwa wanawake mashine kwa wastani zilisoma juu kwa asilimia 46, kwa wanaume zikasoma chini kwa asilimia 12. Tangu hapo rijenti zimeboreshwa, na Wamarekani kupitia CDC, kituo chao cha kudhibiti magonjwa, wana mpango wa kuzisawazisha, ila bado mimi binti akiniletea testosteroni ya 2.6 na hana ndevu wala chunusi wala hedhi kuruka, siwezi kukubali aitwe ana PCOS (tatizo la homoni na ovari) kwa namba hiyo peke yake. Na kuna vidonge vya norethisteroni, vile watu wanameza kusogeza siku zao wakiwa na safari au harusi, kuna mashine zinaviona kama testosteroni. Mtu kaenda harusini karudi kapima katoka juu.

Prednisoloni hivyohivyo inafanana na kotisoli, mgonjwa wa pumu anaimeza halafu kotisoli inasoma nzuri kumbe tezi zake za juu ya figo zimelala.

---

Tabibu_Wilayani

Asante sana mtoa uzi. Mimi ni daktari, nipo hospitali ya wilaya kanda ya ziwa. Huku hatuna hizo mashine kubwa, tuna zile ndogo za mezani za vikaseti, tone la damu au seramu dakika 15 jibu. Umeme wetu unakatika unarudi. Naomba ushauri wa mtu wa ndani, mimi kama tabibu nijue vipi jibu la kuamini na lipi la kulitilia shaka? Na je TSH ikibadilika kutoka 2.1 kwenda 2.9 nibadilishe dozi?

---

Pipeti_Dar

Daktari heshima yako. Hilo la mwisho kwanza, hapana. TSH ya mtu mmoja inacheza yenyewe siku kwa siku, usiku inapanda mchana inashuka, ukijumlisha na mtikisiko wa mashine mpaka ibadilike karibu nusu ndo unaanza kusema kuna kitu kimebadilika. 2.1 na 2.9 kwangu ni namba moja. Tena mgonjwa wa kufuatiliwa apimwe mashine ileile na muda uleule, ukimhamisha maabara unaanza upya.

Hizo mashine ndogo nimezifanyia kazi, zina nafasi yake, kuliko mgonjwa asafiri kilomita 200. Ila nenda maabara yako mwenyewe asubuhi moja, usiite mtu, omba kuona chati ya kontroli. Kontroli ni seramu ambayo jibu lake tunalijua kabla, tunaipitisha kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, ya chini na ya juu, tunaweka nukta kwenye chati ya Levey-Jennings. Nukta moja ikitoka nje ya SD 3 (SD ni kipimo cha namba kutawanyika mbali na wastani) tunasimamisha. Mbili mfululizo zikitoka nje ya SD 2 upande mmoja tunasimamisha. Kama wakikuonyesha chati ina nukta za mwezi mzima, na kuna siku imeandikwa kwa kalamu "imetoka nje, tumebadilisha rijenti, tumerudia", hiyo ni maabara nzuri. Chati ambayo haina hata siku moja mbaya mimi siiamini.

Nikupe mfano. Sehemu niliyofanyia kazi zamani, kontroli ya estradioli Jumatatu ilitoka minus 2.6, bosi akasema rudia, ikaja minus 1.9, akasema ipo ndani endelea. Jumanne minus 2.4. Nikakataa. Tukagombana kweli pale maana kontroli nayo ni hela na rijenti ni ghali, na kulikuwa na akina mama tisa wanasubiri majibu, wanafuatilia mayai kwa ajili ya kubeba mimba. Nikaenda kwenye friji nikaingiza kipimajoto, nyuzi 14, rijenti inatakiwa 2 mpaka 8. Umeme ulikatika Jumapili, jenereta likawashwa lakini ile soketi ya friji haikuwa kwenye jenereta. Tulifungua boksi jipya tukakalibreti upya, kontroli ikarudi katikati, tukawapigia simu wale akina mama wa Jumatatu warudi. Mmoja majibu yake yalibadilika kutoka "mayai hayakui" kuwa kawaida. Niliwaza sana siku ile, kama tungenyamaza je.

Kwahiyo daktari ukisikia umeme umekatika wikiendi, uliza friji. Pia uliza kama wapo kwenye mpango wa kupimwa na watu wa nje, wanatumiwa sampuli zisizojulikana wanapima wanarudisha majibu wanalinganishwa na maabara nyingine, ukiona wana cheti cha ushiriki omba na matokeo, kushiriki sio kufaulu.

Na kwa upande wako, cha maana kuliko mashine zote ni mgonjwa mwenyewe. Namba na mgonjwa wakipishana, piga simu maabara. Sisi hatumuoni mgonjwa, tunaona tyubu tu. Ukiniandikia kwenye fomu "ana dalili zote za uvimbe mkubwa, haoni pembeni, prolaktini nategemea juu sana", na mimi mashine ikinipa 90, nitaizimua mara 100 nipime tena, maana homoni ikizidi sana inajaza kingamwili za chini na za juu kila moja peke yake, zinashindwa kuungana, mwanga unashuka na jibu linatoka dogo. Hilohilo linatokea kwenye mimba zabibu, hCG ni nyingi mno mpaka kipimo cha mkojo kinaweza kusema hana mimba. Fomu yenye neno moja "prolaktini" hainiambii nizimue.

---

Nduguyo_Mvita

Salaam ndugu, nakusoma kutoka Mombasa. Huku nako ni yayo kwa yayo. Mamangu mdogo alipimwa tezi maabara tatu, kila mmoja na jibu lake, na kila jibu na wigo wake wa kawaida. Shemeji yangu yuko kwenye maabara ameniambia niangalie kama wana ithibati ya ISO 15189 (kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara), kwetu hutolewa na KENAS. Swali langu, ithibati yatosha? Maana wenye ithibati nao bei zao si za mtu wa kawaida.

---

Pipeti_Dar

Waalaikum salaam ndugu. Ithibati inasaidia sana, huku kwetu maabara nyingi zinaipata kupitia SADCAS, shirika la ithibati la nchi za SADC. Ila soma kile kiambatisho cha ithibati, kinaorodhesha vipimo. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya picha kamili ya damu na malaria, homoni hazimo, na cheti kikatundikwa ukutani mbele ya kila mtu. Uliza TSH imo? Ni swali la heshima tu, hawatakukasirikia.

Wigo wa kawaida kutofautiana ni sawa, kila mashine na wigo wake, kosa ni kuchukua namba ya maabara A ukaisoma kwa wigo wa maabara B. Kwa mama mdogo chagueni moja mkae nayo. Hela mlizolipa maabara tatu zingetosha kurudia mara mbili kwenye moja nzuri.

---

Bwana_Chuma

Mkuu nimesoma yote mpaka hapa. Ile ya binti wa Marekani sikuwahi kuisikia. Mke wangu anatumia hivyo vidonge vya kucha na Jumatano ana kipimo cha tezi. Nimemwambia aache leo.

---

Pipeti_Dar

Umefanya vizuri sana ndugu yangu. Na aandike kwenye fomu kwamba alikuwa anatumia na ameacha lini, hata kama hawajamuuliza.

---

Kipusa_Moro

Wadau nimerudi, samahani nimekaa kimya wiki mbili na nusu. Nilienda kwa daktari na maswali yote ya mtoa uzi nimeyaandika kwenye daftari, nilidhani atakasirika, hakukasirika, alisoma akasema sawa tufanye. Nikaja Dar. Nilikaa kwenye benchi dakika 40 nimetulia ndo nikatolewa damu. Ikatoka 64, moyo ukashuka. Kisha wakafanya hiyo ya PEG, yule kaka wa maabara akaniita akanionyesha tyubu, kweli chini kulikuwa na kitu cheupe kimeganda. Maji ya juu yamesoma 8.9, mara mbili 17.8. Akapiga hesabu mbele yangu, asilimia 28. Daktari amesema kabagolini niirudishe duka la dawa kama watakubali, na kichwa hatupigi picha kwa sasa. Tumeanza kumpima mume wangu mbegu, kitu ambacho mwaka na nusu wote huu hakuna aliyekifikiria.

---

Pipeti_Dar

Dada nimesoma hii nikiwa kazini nimelazimika kutoka nje kidogo. Sasa fanya hivi, hiyo karatasi ya PEG ipige picha uitunze kwenye simu, na ya karatasi uiweke na kadi yako ya kliniki. Hii makroprolaktini huwa haiondoki, kwahiyo ukienda hospitali yoyote miaka mitano ijayo wakikupima prolaktini itatoka juu tena na watakuambia uvimbe tena. Uwaonyeshe hiyo kabla hawajakuandikia chochote. Na za mume wako, akae siku mbili mpaka saba bila tendo kabla ya kutoa, sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, na ikitoka mbaya irudiwe baada ya wiki kadhaa kabla hamjaamini.